Safari ndefu ya meli ya kitalii: namna ya kupata marafiki na kuzipitisha siku za bahari tupu

Mzee wa Ndoro (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Kusini, nawasalimu.

Kila mara nakutana na jamaa wa Lindi, Mtwara na Masasi ambao watoto wao walioko ng'ambo wamewalipia wazazi nafasi katika meli za kitalii zinazosafiri kwa miezi mitatu au zaidi. Mambo ya viza, bima na mizigo hupatiwa majibu, kwa kuwa yana ofisi zake. Swali linalobaki ni la mzazi mwenyewe: mtu aliyezoea kusalimiana na mtaa mzima kabla jua halijapanda atafanya nini siku ya nne bila kuona nchi kavu, katikati ya watu elfu mbili ambao hamjui hata mmoja wao? Nilihudumu mezani katika meli za namna hiyo kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, nikaona wasafiri waliofurahi na wasafiri waliohesabu siku zimebaki ngapi, na nimeona ni wajibu wangu kuyaandika haya kwa utulivu ili yawafae wanaojiandaa.

Ninachokiamini ni kwamba urafiki wa melini huzaliwa siku za baharini, wala si siku za bandarini. Meli ikifunga gati abiria hutawanyika, huyu akaenda sokoni, yule akapanda basi la matembezi, na jioni wote hurudi wamechoka, kila mmoja na habari zake. Watu niliowaona wakizoeana hadi kulia siku ya kuagana walizoeana kwa kukutana mahali palepale, saa ileile, siku baada ya siku, bila kualikana. Hiyo ndiyo baraza yetu ya hapa nyumbani: hakuna anayepigiwa simu kuja kukaa, lakini kila mmoja anajua kwamba baada ya alasiri wenzake wapo, na asiyeonekana kwa siku mbili huulizwa. Anayeijua baraza ana elimu kubwa ya safari ndefu kuliko anavyodhani.

Tuanze na bahari ilivyo pana, kwa sababu mtu anayetarajia kushuka kila asubuhi atavunjika moyo mapema. Kutoka Los Angeles hadi Honolulu ni takribani maili 2,230 za baharini, na meli inayokwenda kwa kasi ya noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, huhitaji zaidi ya siku 5 kuzimaliza. Queen Mary 2, ambayo ilijengwa mahsusi kwa ajili ya kuivuka Atlantiki, kwa kawaida hutumia usiku 7 kati ya Southampton na New York. Tena, tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa mwaka 2023, safari nyingi za kuzunguka dunia zilizokuwa zikipita Mfereji wa Suez zilihamishiwa njia ndefu zaidi ya Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Basi mzazi aambiwe mapema, kwa upole na bila kufichwa, kwamba katika safari ya siku 100 atakuwa na siku nyingi za kuamka na kulala akiona maji tu, na kwamba siku hizo si kasoro ya safari aliyolipiwa.

Siku mbili tatu za mwanzo zina uzito kuliko zote zinazofuata, maana wakati huo kila mtu ni mgeni, kila mtu amepotea njia ya kwenda chumbani kwake, na kumwuliza jirani jambo lolote ni kitu cha kawaida. Baada ya wiki moja watu huwa wameshapata viti vyao na wenzao, na mgeni anayejitokeza wakati huo hupokelewa, lakini hujikuta akijiunga na mazungumzo yaliyokwishaanza. Ndiyo maana nawasihi wanaokata tiketi wachague, kadiri uwezo unavyoruhusu, chumba kilicho katikati ya meli na katika sitaha za chini, ambako meli huyumba kidogo kuliko mbele, nyuma au juu. Mtu akishikwa na kichefuchefu cha bahari siku za mwanzo hulala chumbani wakati wenzake wanafahamiana. Akianza kujisikia vibaya atoke nje, akae mahali penye upepo na kutazama upeo wa macho, kisha aende kwa mganga wa meli akiona hali haibadiliki.

Sasa nije kwenye meza ya chakula cha jioni, jambo ninalolijua kuliko mengine yote. Kama kuna ombi moja tu la kutoa wakati wa kuandikisha safari, na liwe hili: meza kubwa ya watu 6 au 8, yenye saa maalumu. Meli nyingi siku hizi humruhusu abiria ale saa anayoitaka na kukaa popote, na uhuru huo unawafaa wenye wenza na familia. Aliye peke yake humgharimu, kwa kuwa kila jioni anaanza upya kujitambulisha jina, nchi na idadi ya watoto, na baada ya siku kumi huchoka kujieleza akaanza kuagiza chakula chumbani. Kwenye meza maalumu, mazungumzo ya jana huendelea leo. Jioni ya kwanza watu huongelea hali ya hewa. Kufikia ya tano mmoja anamuulizia mwenzake kama goti limepata nafuu. Na wiki ya tatu nimeona meza nzima ikikataa kuanza kula kwa sababu bibi mmoja alikuwa amechelewa. Endapo waliokaa pamoja hawapatani, abiria amwendee msimamizi wa ukumbi ndani ya siku chache za mwanzo aombe kuhamishwa. Ombi hilo hutolewa mara nyingi, hutekelezwa kimyakimya, na hakuna anayevunjiwa heshima.

Baada ya meza, hazina ya pili ni alfajiri. Meli ikielekea magharibi saa hurudishwa nyuma saa moja katika usiku fulani, na mwili hauelewi amri ya nahodha, kwa hiyo wazee wengi hujikuta macho saa 10 alfajiri bila usingizi. Wanapanda kwenye sitaha yenye birika za kahawa na chai, na huko hukutana watu wachache walewale kila siku, wakisubiri jua litoke baharini. Sikuona urafiki wa dhati kuliko wa kundi hilo, maana halina mwongozaji, halina ratiba, na saa hiyo hakuna anayejionyesha. Muumini wetu aliyezoea kuamka kwa ajili ya sala ya alfajiri tayari ana saa yake. Anachotakiwa ni kupanda ngazi akimaliza kuswali badala ya kurudi kitandani.

Kuhusu ratiba ya siku, karatasi inayoletwa chumbani kila jioni, yapo mambo mengi: chemsha bongo, mafunzo ya dansi, kwaya ya abiria, mihadhara ya wataalamu wa historia na viumbe wa baharini, karata, mafumbo ya picha yanayotandazwa mezani ambapo kila apitaye huongeza kipande. Nashauri mtu achague jambo moja la asubuhi na moja la alasiri, ayashike hayohayo. Anayezunguka kila ukumbi hujulikana na wote kwa sura, na jina lake halijulikani na yeyote.

Karibuni tuchangie. Wenye uzoefu tofauti na wangu waueleze.

Binti wa Shangani

Shikamoo mzee wetu, na ahsante kwa uzi huu ambao umekuja wakati tunauhitaji.

Mama yetu anaishi hapa Shangani, Mtwara. Maisha yake yote amefanya biashara ya korosho na vitambaa. Kaka aliyeko Uingereza amemlipia safari ndefu inayoanzia Southampton, na atafuatana naye hadi visiwa vya Karibi tu, halafu atarudi kazini. Kuanzia hapo mama atakuwa peke yake, ingawa kuna binamu atakayempokea Sydney na kumaliza naye safari. Kiingereza chake ni cha kuomba maji na kusema ahsante. Hachezi karata, na dansi za kushikana na mwanamume asiyemjua hatazikubali. Anaswali sala tano na anakula halali. Kaka anasema mama atazoea. Mimi naogopa kwamba atajifungia chumbani na kutupigia simu mchana kutwa akisema hajambo, huku sauti yake inasema lingine.

Naomba mzee utushauri tumwandae vipi.

Mzee wa Ndoro

Marahaba binti yangu, na Mungu amjalie mama safari njema. Nitajibu kwa mpangilio wa hofu zako.

Lugha ni kizuizi kwa anayetaka kusimulia, lakini kuna urafiki unaoanzia mikononi. Karibu kila safari ndefu niliyohudumu ilikuwa na kundi la wanawake, na mara nyingine wanaume wawili watatu, waliokaa pembe moja ya sebule siku za baharini wakifuma sweta na kushona vitambaa. Wengi wao ni watu wazima, wengine wajane, na hawana haraka. Niambie, mama anasuka ukili? Kama anasuka, na mwanamke wa pwani yetu wa umri wake kwa kawaida anajua, basi afungashe ukindu wake uliokwisha kuchanwa na kutiwa rangi, aende akae kwenye pembe hiyo siku ya kwanza ya baharini, asuke. Hatahitaji kusema neno. Mtu anayefuma hawezi kuona kazi ya mikono asiyoifahamu akaacha kuiuliza. Atasogea, atashika, atataka kujaribu, naye mama atamwelekeza vidole. Kesho yake watamwekea kiti. Ukili una sifa nyingine: unaendelea kurefuka, kwa hiyo wenzake watafuatilia umefika wapi, watauliza utakuwa mkeka au mkoba, nao watakuwa na sababu ya kurudi.

Chakula cha halali kaka aandikie kampuni mapema, wiki nyingi kabla ya kuondoka, kisha siku ya kupanda mama akumbushwe kumwona msimamizi wa ukumbi wa chakula pamoja na kaka. Mpishi aliyejulishwa mapema ananunua anachohitaji bandarini. Anayejulishwa katikati ya bahari hana pa kukipata, naye atabaki kumpa samaki na mboga. Kwa upande wa sala, televisheni ya chumbani huwa na ramani inayoonyesha mahali meli ilipo na inakoelekea, na hiyo husaidia kuikisia kibla, ambayo hubadilika meli inavyogeuka. Masuala ya kupunguza na kukusanya sala za msafiri mwulizeni sheikh wenu kabla hajaondoka, ili asiwe na wasiwasi huko. Aelezwe pia kwamba katika Pasifiki meli inayokwenda magharibi huruka tarehe nzima inapovuka mstari wa tarehe wa kimataifa: mtu analala Jumatatu anaamka Jumatano. Asiyeambiwa mapema huchanganyikiwa kweli.

Sasa hofu yako kubwa, ya simu. Hapa nitasema na ninyi watoto. Intaneti ya melini aghalabu hulipiwa peke yake, lakini gharama si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mzazi anayeongea na Shangani mara sita kwa siku hayupo melini na hayupo nyumbani. Kila anapotaka kutoka kwenda sebuleni, simu inaita. Kila mara wajukuu wanamuuliza amekula nini. Nimewaona wazee wengi wakikaa kwenye ngazi mahali penye mtandao mzuri, wameinamia simu, huku watu waliotamani kuwasalimu wanapita kwa adabu wasiwasumbue. Panganeni saa moja kwa siku, kwa mfano jioni baada ya chakula chake, mzungumze kwa kina na umwulize amekaa na nani. Swali hilo moja litamfanya atafute jibu.

Baharia wa Mikindani

Mzee wa Ndoro, heshima yako. Nimesoma kwa makini na nina shaka kidogo.

Mimi nilisafiri katika meli za mizigo, ambako tulikuwa watu ishirini na ushee kwa miezi, na huko nilijifunza kwamba si kila anayekaa peke yake ana upweke. Mabaharia wenzangu wengine walikuwa wakimaliza zamu wanakwenda nyuma ya meli kutazama maji, na aliyewafuata huko kwa nia njema ya kuwachangamsha aliwaudhi. Watu wa pwani hii tulishazoea kuisubiri bahari kabla ya meli za kitalii kuwapo. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alisafiri kwa kufuata pepo hizohizo. Msafiri wa zama hizo alikaa miezi bandarini au baharini akisubiri upepo ugeuke, na kukaa kimya na nafsi yake kulikuwa sehemu ya safari. Naogopa tukimwandaa mama wa watu kana kwamba kila siku isiyo na rafiki ni siku iliyoharibika, ataona ameshindwa mtihani.

Mimi ningemshauri ajifunze kuitazama bahari. Kwetu hapa miezi ya kusi nyangumi hupita karibu na pwani, na wavuvi wa Msimbati wanawajua. Anayekaa sitahani kwa saa mbili akitazama ataona pomboo, panzi wa baharini wanaoruka juu ya mawimbi, ndege wasiotua siku nzima. Siku haiwi tupu kwa mtu mwenye macho.

Mzee wa Ndoro

Ndugu Baharia, umesema kweli na naipokea. Utulivu ni haki ya msafiri, na wapo abiria waliokuja melini kuutafuta baada ya msiba au kazi ya miaka mingi. Niliowapenda sana miongoni mwao walikuwa na kitabu na kiti chao, wakatusalimu asubuhi na jioni, wakatosheka.

Tofauti naiweka kwenye mlango wa chumba. Anayekaa peke yake nje, mahali anapoonekana, amechagua upweke unaoweza kukatizwa siku akitaka. Jirani atampungia mkono, naye ataitikia au ataendelea kutazama maji. Aliyefunga mlango siku mbili mfululizo, akawa anarudisha sinia za chakula zikiwa hazijaguswa, huyo hajapumzika. Mhudumu wa vyumba ndiye anayeligundua hilo kwanza, kwa kuwa anaingia kila siku, na katika meli nilizofanya kazi tulitakiwa kumjulisha mkubwa wetu tukiona hali hiyo. Kwa hiyo mama wa Shangani ajenge mazoea na mhudumu wake tangu siku ya kwanza, amjue jina, amsalimu. Wahudumu wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, na Wakenya nao wapo, kwa hiyo si ajabu akasikia Kiswahili mahali asipotarajia. Afahamu tu kwamba mhudumu haruhusiwi kuketi naye wala kuingia naye ukumbini kama mwenzake, na asimlazimishe, kwa kuwa anaweza kumponza kazini. Upendo wao ni wa kweli, lakini ni upendo wa mtu aliye zamuni.

Na hilo la kutazama viumbe wa baharini linatuunganisha, ndugu yangu. Nyangumi akionekana, watu hamsini huhamia upande mmoja wa sitaha, na kwa dakika kumi hakuna mgeni kati yao.

Mama wa Rondo

Salaam kwenu nyote. Mimi nilipanda meli ya kitalii kama abiria, nikiwa na binti yangu na mumewe, na napenda kuongeza mambo ambayo mhudumu pengine huyaona kutoka upande mwingine.

La kwanza ni kwamba safari ndefu huuzwa kwa vipande. Wapo wanaozunguka dunia nzima, na wapo wanaopanda katika bandari moja kubwa na kushuka katika nyingine baada ya wiki tatu au nne, tuseme Cape Town, Sydney au Singapore. Rafiki uliyemzoea anaweza kukuaga katikati ya safari, na kiti chake kikakaliwa na mtu mpya siku hiyohiyo. Nililia, sifichi. Kwa hiyo Binti wa Shangani, mama ajue tangu mapema nani anakwenda hadi mwisho na nani anashuka njiani. Si kwa ajili ya kuwabagua wa njiani, maana wengine walikuwa wema kuliko wote. Ni kwa ajili ya kuupokea msiba huo mdogo akiwa ameutarajia. Na wanaozunguka dunia nzima wana tabia ya kufunga duara lao na kuwaona wapya kama wapita njia. Yeye asifanye hivyo. Anayepanda Sydney yuko katika hali aliyokuwa nayo mama siku ya kwanza Southampton.

La pili ni maswali yetu. Sisi tukikutana na mtu tunauliza watoto wangapi, mume yuko wapi, wajukuu je, na kwetu huo ni upendo. Katika meli ile nusu ya wanawake wa umri wangu walikuwa wajane, na baadhi yao walikuwa wakisafiri na tiketi iliyonunuliwa mume akiwa hai. Wapo pia waliokosana na watoto wao. Nilijifunza kuanza na swali la safari yenyewe, umepanda wapi, bandari gani uliipenda, nikaacha habari za nyumbani zije zenyewe. Zilikuja, tena nyingi, lakini zilikuja kwa hiari ya msimulizi. Utani wetu nao usubiri. Mmakonde na Myao wanaelewana wanapotupiana maneno; mgeni wa meza ya jioni atadhani ametukanwa.

La tatu ni salamu, na hapa tuna utajiri. Wenzetu wengi melini hupitana kwenye korido bila neno. Mimi nilimsalimu kila niliyekutana naye, kila siku, kwa neno moja la Kiingereza na tabasamu, na baada ya siku kadhaa watu walianza kusimama. Bibi mmoja aliniambia kupitia binti yangu kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwamkia tangu apande meli. Kumwamkia mtu hakutaki sarufi.

Namkumbuka pia marehemu mama yangu akisimulia safari za kwenda Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika watu walipokwama Ndundu kusubiri kivuko cha Rufiji. Walipika pamoja, walilindiana watoto, na wengine wakaitana ndugu hadi uzeeni. Kinachowaunganisha watu ni kusubiri pamoja, na siku za baharini ni kusubiri kwingi.

Binti wa Shangani

Shikamoo mama, na ahsanteni sana wazee wangu. Nimemsomea mama uzi wote jana usiku. Aliposikia habari ya ukili alisimama akaenda kufungua kapu lake, na leo asubuhi amemtuma mtu Mikindani kumnunulia ukindu wa rangi ya zambarau na ya kijani. Bao pia anataka kulibeba, anasema akipata wa kumfundisha atamfundisha. Nina maswali mawili ya mwisho. Je, vitu hivi vitaruhusiwa katika nchi atakazopita? Na ile sherehe ya kuvuka Ikweta ambayo kaka ameisema kwenye simu, inahusu nini, na je ina jambo la kumvunjia heshima?

Mzee wa Ndoro

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, binti yangu. Mwambie mama nampongeza.

Sherehe ya Ikweta ni mchezo wa mabaharia wa tangu zamani, ambapo mmoja hujivika nguo za mfalme wa bahari na wale wanaovuka kwa meli mara ya kwanza humwagiwa maji au kupakwa vitu vya jikoni mbele ya wenzao. Anayeshiriki hujitolea mwenyewe, na wengi huketi pembeni wakitazama. Mama akae na wenzake wa ufumaji atazame. Ni siku ambayo meli nzima hucheka kwa pamoja, na kicheko hakihitaji mkalimani.

Ukindu ni jambo la kuangalia kwa uzito. Australia na Nyuzilandi zina sheria kali za kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea, na abiria hutakiwa kutangaza kwenye fomu kila kitu kitokanacho na mmea au mnyama: majani, mbegu, mbao, asali, njugu. Ukindu umo. Kete za bao zimo, kwa kuwa ni mbegu za komwe, na bao lenyewe ni mti. Korosho ambazo najua mtamfungia nazo zimo. Anayetangaza hukaguliwa, na kitu chenye mashaka huzuiliwa au huchukuliwa. Asiyetangaza hutozwa faini kubwa. Kwa hiyo afanye hivi: siku meli inapofika bandari za nchi hizo, vitu vyote hivyo vibaki chumbani, asishuke navyo hata kama ni mkoba aliousuka mwenyewe, na ajaze fomu kwa ukweli akisaidiwa na ofisi ya mapokezi ya meli. Kwa kete, achukue za mawe laini au za kioo badala ya komwe, na wasiwasi huo utapungua. Kwa kuwa atashuka Sydney kukutana na binamu, jambo hili mlielewe vizuri kabla hajaondoka, na binamu aelezwe pia. Ukindu uliobaki wakati huo aumalizie kuusuka njiani au auache chumbani hadi warudi melini.

Mwisho kuna jambo la anuani. Usiku wa kuamkia siku ya kushuka, mizigo hutolewa nje ya milango ikachukuliwe, watu wanafungasha, wanalipa madeni yao, wanawaza ndege, na wale waliokula pamoja miezi mitatu hupishana kwenye ngazi bila hata kuagana vizuri. Mnunulieni daftari dogo, na ndani yake, ukurasa wa kwanza, mwandikieni kwa Kiingereza jina lake, namba ya simu yenye WhatsApp, na sentensi moja inayomwomba rafiki aandike zake. Alitoe siku tatu au nne kabla ya mwisho, pale pale kwenye pembe ya ufumaji, wakati watu bado wamekaa.